Dhyan Chand: Gwiji wa magongo aliyeshukia Mombasa nchi yake ikiwa imepasuka

MNAMO Desemba 15, 1947, kikosi cha mpira wa magongo cha India kiliwasili Mombasa baada ya safari ya baharini kutoka Bombay. Nahodha wake alikuwa mwanajeshi wa umri wa miaka 42, mtu wa maneno machache, ambaye miaka 11 kabla ya hapo alikuwa amewaadhibu Wajerumani katika fainali ya Olimpiki mjini kwao Berlin. Jina lake lilikuwa Dhyan Chand.

Hakuja kwa bahati. Chama cha Michezo cha Waasia wa Afrika Mashariki kilipoliomba Shirikisho la Magongo la India litume timu kuzuru makoloni haya, kiliweka sharti kwamba Dhyan Chand awe miongoni mwa watakaokuja. Yeye mwenyewe alikwisha kuamua, vita vya pili vya dunia vilipomalizika mwaka 1945, kwamba zama zake zilikuwa zimepita na kwamba timu ya taifa ilihitaji damu changa. Lakini mgeni huja kwa mwaliko wa mwenyeji, na mwenyeji alikuwa amemtaja kwa jina. Akapewa unahodha kwa mara nyingine, kikosi kikakusanyika Bombay Novemba 23, kisha kikapanda meli.

Nchi waliyoiacha nyuma ilikuwa katika matanga. India ilikuwa imejipatia uhuru Agosti 15 mwaka huohuo, na kwa kalamu iyo hiyo ikakatwa vipande viwili, India na Pakistan. Mkoa wa Punjab, ambao kwa miaka mingi ulikuwa shina la magongo, uligawanywa katikati. Mamilioni ya watu walihama makwao, mamia ya maelfu wakauawa njiani na vijijini, na ilipofika Oktoba mapigano ya Kashmir yalikuwa yameanza. Viwanja vya michezo havikusalimika. Wakati Dhyan Chand akivuka bahari kuja Mombasa, timu ya kriketi ya India ilikuwa Australia chini ya nahodha Lala Amarnath, bila ya mrushaji hodari Fazal Mahmood, ambaye alikuwa ameteuliwa kabla ya nchi kugawanywa lakini akachagua kuwa raia wa Pakistan. Timu hiyo ya kriketi ililazwa mara nne katika mechi tano kuu.

Yafaa kurudi nyuma ili ieleweke kwa nini watu wa Afrika Mashariki walimng'ang'ania mchezaji aliyekwisha kupita miaka 40.

Dhyan Singh, maana hilo ndilo jina alilopewa na wazazi, alizaliwa Agosti 29, 1905 mjini Allahabad. Baba yake alikuwa askari katika jeshi la Waingereza la India, na jamaa ile ilihamahama kufuata amri za kambi hadi ilipopata makao Jhansi. Kwa ajili ya mahamo hayo elimu ya mtoto ilikatika baada ya miaka sita tu darasani. Utotoni hakuwa na mapenzi makubwa na magongo. Mchezo uliomvutia ulikuwa mieleka. Siku aliyotimiza miaka 17, mwaka 1922, alijiunga na jeshi kama askari wa kawaida, na ni kambini ndiko alikolishika gongo sawasawa, akifundishwa na mkubwa wake, Bale Tiwari.

Mchana ulikuwa wa zamu na gwaride, kwa hivyo kijana huyo alisubiri mwezi uchomoze ndipo aende uwanjani peke yake. Kwa Kihindi, mwezi huitwa chand. Wenzake walianza kumwita hivyo kwa utani, na jina la utani likalifunika la ukoo.

Mwaka 1926 jeshi lilipeleka timu New Zealand. Ilicheza mechi 21, ikashinda 18, ikatoka sare mbili na kushindwa moja. Aliporudi alipandishwa cheo hatua moja, ambayo kwa askari asiye na elimu haikuwa haba. Miaka miwili baadaye India ilishiriki magongo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Amsterdam. Inasimuliwa kwamba waliofika bandarini Bombay kuiaga timu walikuwa watu watatu tu. Chini ya nahodha Jaipal Singh, India haikufungwa hata bao moja katika mashindano yote. Iliishinda Uholanzi 3-0 katika fainali ya Mei 26, 1928, na Dhyan Chand akamaliza akiwa na mabao 14, mengi kuliko mchezaji mwingine yeyote. Timu iliporejea, bandari ya Bombay haikuwa na nafasi ya kutia mguu.

Ustadi wake haukuwa wa nguvu. Alikuwa mshambulizi wa kati, na mpira ulipofika kwenye gongo lake ulionekana kana kwamba umenata. Mara nyingi alipokuwa na nafasi ya kufunga aliuachia kwa mwenziwe aliyekuwa mahali pazuri zaidi, jambo ambalo wafungaji wengi hawaliwezi. Zipo hadithi kwamba huko Ulaya gongo lake lilivunjwa ili ichunguzwe kama lina sumaku ndani. Hadithi kama hizo hazikosekani kwa kila fundi aliyewashinda watu akili, na msomaji anaweza kuzipokea kwa kadiri ya imani yake.

Mjini Los Angeles mwaka 1932, katika mashindano yaliyokuwa na timu tatu pekee, India iliifunga Japan 11-1 na Marekani 24-1. Katika mechi hiyo ya pili mdogo wake, Roop Singh, alifunga mabao 10 na yeye manane. Mwaka 1935 timu ilizuru New Zealand na Australia, ikacheza mechi 48, na kati ya mabao 584 yaliyofungwa, 201 yalikuwa yake. Katika mji wa Adelaide alikutana na Don Bradman, mfalme wa kriketi, ambaye alishangaa kuona mtu akifunga mabao kwa wepisi ambao wachezaji wa kriketi hujikusanyia mbio.

Kisha ikaja Berlin. Safari hii Dhyan Chand alikuwa nahodha. Timu ilipofika Ujerumani Julai 1936 ilicheza mechi ya mazoezi na Wajerumani na kuchapwa 4-1. Kichapo hicho kilimkosesha nahodha usingizi, na kikasababisha mshambulizi Ali Iqtidar Shah Dara aitwe haraka kutoka nyumbani kuja kuongeza nguvu. Mashindano yenyewe yalipoanza, Hungary ilifungwa 4-0, Marekani 7-0, Japan 9-0 na Ufaransa 10-0. Fainali dhidi ya wenyeji iliahirishwa kwa siku moja kwa sababu ya mvua. Kabla ya kuingia uwanjani wachezaji hao, raia wa nchi iliyotawaliwa na wageni, walikusanyika chumbani wakaipigia saluti bendera ya rangi tatu ya chama cha Congress. Kipindi cha kwanza kilikwisha 1-0. Katika kipindi cha pili nahodha alivua viatu ili apate mwendo katika uwanja uliolowa, na mwisho wa mechi ubao ulisoma 8-1, matatu kati ya hayo yakiwa ya Dhyan Chand. Tarehe ilikuwa Agosti 15, 1936. Hakuna aliyejua kwamba miaka 11 baadaye, tarehe hiyohiyo, nchi yao ingekuwa huru na kugawanyika.

Watu husimulia pia kwamba Adolf Hitler alimwahidi cheo kikubwa endapo angehamia jeshi la Ujerumani. Ushahidi wa kuaminika haupo. Yaliyo hakika yanatosha: mabao 38 dhidi ya moja katika mechi tano.

Vita vilifuta michezo ya Olimpiki ya mwaka 1940 na ile ya 1944, na miaka ambayo angeweza kuongeza dhahabu nyingine ikapita akiwa kambini.

Mtu huyo ndiye aliyeshuka Mombasa mnamo Desemba 1947. Kisiwa alichokikuta kilikuwa na misukosuko yake. Mwaka huo ulikuwa umeanza kwa mgomo mkubwa wa Januari, wakati maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli na majumba walipoweka zana chini kudai mishahara ya kuwawezesha kuishi. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikuwa amekwisha kukamatwa na kupelekwa mbali. Ngome ya Yesu, mlangoni pa Mji wa Kale, ilikuwa bado gereza la serikali. Ulikuwa pia msimu wa kaskazi, ambapo majahazi kutoka Kutch, Uarabuni na Ghuba huanza kutia nanga katika bandari ya kale, yakishusha tende, mazulia na nguo, huku meli kubwa za abiria kutoka Bombay zikielekea upande wa pili wa kisiwa, Kilindini.

Hakuna mji wa Afrika Mashariki ulioijua Bara Hindi kwa karibu kuliko huu. Wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat walikuwa wakivuka na pepo hizo karne nyingi kabla ya Mwingereza. Ujenzi wa reli, ulioanza hapo mwaka 1896, ulileta vibarua zaidi ya 31,000 kutoka huko, wengi wao Wapunjabi. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, Bohora alipakana na Baniani, na msikiti haukuwa mbali na hekalu. Roshani za mbao na milango ya nakshi ya Ndia Kuu zina mikono ya mafundi wa Kihindi ndani yake. Wagoa walikuwa makarani, mafundi cherehani na wapiga muziki. Masingasinga walikuwa maseremala na mafundi wa reli. Kila jamii ilikuwa na msikiti, kanisa au hekalu lake, na shule yake. Aghalabu ilikuwa na klabu yake ya michezo pia.

Basi habari za mpasuko wa Agosti hazikuwafikia watu hawa kama habari za ugenini. Familia iliyotoka Lahore na ile iliyotoka Amritsar, ambazo juzi zilikuwa za mkoa mmoja, sasa zilikuwa za nchi mbili. Muda si muda, neno Wahindi halikuweza tena kuwakusanya wote, na ndipo neno Waasia likazidi kushika mizizi Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 hata kura zao zilitenganishwa, Waislamu kivyao na wasio Waislamu kivyao. Kuna uzito, kwa hivyo, katika ukweli kwamba mwaliko wa 1947 ulitolewa kwa jina la Waasia wote, na kwamba waliouandika hawakuomba bendera wala kiongozi wa siasa. Waliomba mfungaji mabao. Mataji yake yote ya Olimpiki alikuwa ameyatwaa akiwa na wenzake wa dini zote. Nahodha wa Los Angeles alikuwa Lal Shah Bokhari, ambaye baadaye aliitumikia Pakistan kama mwanadiplomasia. Feroze Khan wa Amsterdam naye alikwenda Pakistan. Kumshangilia Dhyan Chand kulikuwa kuishangilia Bara Hindi kabla haijakatwa, na hilo liliwezekana kwa Mwislamu wa Lahore sawa na kwa Baniani wa Porbandar.

Lakini ukweli mwingine haufai kufichwa. Sherehe hiyo haikuwa ya Mombasa nzima. Katika koloni lile rangi ya mtu iliamua shule yake, hospitali yake na kiwanja chake. Wazungu walikuwa na Mombasa Sports Club, iliyoanzishwa mwaka 1896 na ambako kriketi ilikita mizizi mapema. Waasia walikuwa na klabu zao. Kijana wa Kiswahili wa Mji wa Kale au mpagazi wa Kilindini alikuwa na kandanda, na katika kandanda Mombasa ilitoa mafundi wa kusifika, lakini gongo halikuwekwa mikononi mwake. Mchezo ulioletwa na askari na makarani ulibaki ndani ya uzio wa jamii chache, na uzio huo ulikuja kuugharimu.

Uwanjani wageni hawakupata wa kuwazuia. Dhyan Chand alicheza mechi 22 katika ziara hiyo na kufunga mabao zaidi ya 60. Hata hivyo hakuwa tena peke yake kileleni. Kijana Kunwar Digvijay Singh, aliyejulikana zaidi kwa jina la Babu, alifunga yapata 70. Mzee alikuwa amesema kwamba zamu ni ya vijana, na Afrika Mashariki ikawa mahali pa kulithibitisha hilo kwa hesabu. Aliporudi nyumbani mwaka 1948 aliacha mashindano ya kweli, akabakia kucheza mechi chache za maonyesho.

Matunda yalionekana mapema. Mnamo Agosti 12, 1948, mjini London, India huru iliifunga Uingereza 4-0 na kutwaa dhahabu, Babu akiwa naibu wa nahodha. Katika mashindano hayohayo Pakistan ilishika nafasi ya nne. Nahodha wa Pakistan alikuwa Ali Dara, yuleyule aliyeitwa Berlin kumwokoa Dhyan Chand. Uhasama wa magongo kati ya mataifa hayo mawili, ambao ungetawala mchezo huo kwa miaka 30 iliyofuata, ulianzishwa na watu waliokuwa wamevaa jezi moja.

Na huku kwetu? Itakuwa kutia chumvi kudai kwamba ziara moja ndiyo iliyozaa magongo ya Kenya. Mafundi walikuwepo, walimu walikuwepo, na hamu ilikuwepo, la sivyo mwaliko usingetumwa. Ila kwa mchezaji chipukizi si jambo dogo kumwona kwa macho yake mtu ambaye alimjua kwa kusimuliwa tu. Mwaka 1956 Kenya ilipeleka timu ya magongo Olimpiki ya Melbourne, ambayo ndiyo ilikuwa Olimpiki ya kwanza ya nchi hii. Ilishika nafasi ya saba Roma mwaka 1960, na ya sita Tokyo mwaka 1964. Majina ya kina Avtar Singh Sohal, aliyecheza Olimpiki nne, yakajulikana hadi Lahore na Delhi.

Kilele kilikuwa Barcelona, Oktoba 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo. Kenya ilifika nusu fainali, ikatolewa na Uhispania kwa bao moja, kisha ikakutana na India kuwania nafasi ya tatu. India ilishinda 2-1, kwa jasho. Miongoni mwa wachezaji wa kikosi cha India alikuwamo Ashok Kumar, mwanawe Dhyan Chand. Miaka 24 tu ilikuwa imepita tangu baba atue Mombasa na kuwafunga wenyeji kama apendavyo.

Hapo ndipo uzio ule ulipodai deni lake. Tangu sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara za mwaka 1967, maelfu ya Waasia walikuwa wakifungasha kwenda Uingereza na kwingineko, na wachezaji wakiwamo. Kwa kuwa mchezo haukuwa umesambazwa kwa Wakenya wengine kwa wakati, hapakuwa na akiba ya kutosha ya kujaza nafasi zao. Katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972 Kenya iliporomoka hadi nafasi ya 13. Timu ya wanaume ilionekana mara ya mwisho katika Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988.

Dhyan Chand alistaafu jeshini mwaka 1956 akiwa na cheo cha meja, na mwaka huohuo serikali ya India ikamtunuku nishani ya Padma Bhushan. Alikuwa amechapisha kumbukumbu za maisha yake mwaka 1952, kitabu alichokipa jina la Goal. Kwa muda alifundisha magongo, ikiwa ni pamoja na kuwa mkufunzi mkuu katika taasisi ya taifa ya michezo mjini Patiala. Kisha alirejea Jhansi, ambako maisha yalimwendea kombo. Pensheni ya askari haikutosha jamaa kubwa, na wakubwa wa michezo walikuwa wamemsahau. Husimuliwa kwamba alipokwenda kutazama mashindano fulani mjini Ahmedabad, walinzi wa mlangoni hawakumtambua wakamrudisha.

Alifariki Desemba 3, 1979 katika hospitali kuu mjini Delhi, kwa saratani ya ini. Heshima zilikuja baadaye, kama kawaida. Mwaka uliofuata ilitolewa stempu yenye picha yake. Siku yake ya kuzaliwa ikafanywa siku ya michezo ya taifa. Mwaka 2002 uwanja wa taifa mjini Delhi ukapewa jina lake, na mwaka 2021 tuzo kuu ya wanamichezo wa India nayo ikaitwa kwa jina hilo. Nishani ya juu kabisa ya nchi, Bharat Ratna, ilipofunguliwa kwa wanamichezo, ilikwenda kwa mchezaji wa kriketi, Sachin Tendulkar, aliyekabidhiwa mwaka 2014, na wapenzi wa magongo hawajaacha kunung'unika.

Mwili wake ulirudishwa Jhansi. Jeshi likampa mazishi ya kijeshi, na akachomwa kwa mila za dini yake katika uwanja wa michezo wa mji huo.